Maji, Mafuta na Kivuli: Historia ya Kutunza Ngozi Asubuhi, na Jinsi Zebaki Ilivyoingia Majumbani Mwetu



Ndugu wazazi pamoja na vijana wetu, makala hii inahusu jambo dogo linalofanyika katika kila nyumba kabla ya chai ya asubuhi, nalo ni kuosha uso na kuupaka mafuta. Mabinti wengi, na siku hizi wavulana pia, huuliza wafanye nini kila asubuhi ili ngozi iwe na afya na ing'ae. Wakiuliza dukani hupewa kopo. Wakiuliza kwa marafiki hupewa mchanganyiko usio na jina. Tumeona ni bora wajibiwe kwa historia, kwa sababu historia ya ngozi inaonyesha wazi yaliyowafaa watu kwa karne nyingi, na inaonyesha pia ni wakati gani sumu iliingia katika jambo hili na nani aliyelipa gharama yake.

Kwa ufupi, utaratibu mzuri wa asubuhi una mambo matatu: maji na sabuni ya kawaida, mafuta, na kujikinga na jua. Yote matatu ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Balaa lilianza pale watu walipoacha kutafuta ngozi safi na laini, wakaanza kutafuta ngozi ya rangi nyingine.

Maji na sabuni

Kwa familia ya Kiislamu siku huanza kwa maji. Wudhuu wa Alfajiri huosha uso, mikono mpaka viwikoni, na miguu, kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutunza ngozi hatukufundishwa na tangazo la biashara.

Sabuni nayo ni ya kale. Katika nchi za Sham, hasa miji ya Halab na Nablus, mafundi wamekuwa wakipika sabuni kwa karne nyingi kwa kutumia mafuta ya zeituni na maji makali yanayotokana na majivu ya mimea. Sabuni ya Halab huongezwa mafuta ya matunda ya mti unaoitwa kwa Kiarabu ghar. Ikishapikwa humwagwa sakafuni, hukatwa vipande, hupigwa muhuri, kisha vipande hupangwa kama minara na kuachwa vikauke kwa miezi kadhaa. Katika muda huo sabuni hukamaa na kuwa ngumu. Mwezi Desemba mwaka 2024 UNESCO iliingiza ufundi wa miji yote miwili katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, ingawa Halab ilikuwa imeharibiwa vibaya na vita.

Sabuni ya viwandani ilitufikia kwa njia nyingine, na kwetu sisi wa nchi za Maziwa Makuu njia hiyo haiko mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza William Lever alipata utajiri mkubwa kwa kuuza sabuni ya Sunlight. Viwanda vyake vilihitaji mafuta mengi mno ya mimea. Mwaka 1911 alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, na mji ukaitwa kwa jina lake, Leverville, ambao leo ni Lusanga. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi za chikichi kwa malipo duni, huku wakidaiwa kodi. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na askari wa kikoloni waliua mamia ya watu.

Hatulielezi hili ili mtu aache kuoga kwa sabuni. Mawese yenyewe hayana kosa, na mpaka leo kina mama wa Kigoma, Rumonge na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanapika sabuni ya mawese inayosafisha vizuri. Tunalieleza ili tujue kwamba kipande cha sabuni chenye karatasi nzuri huwa na safari nyuma yake, na mwenye kukinunua ana haki ya kuuliza kimetoka wapi na kimetengenezwa kwa nini.

Mafuta

Ngozi ikioshwa hukauka, na dawa ya ukavu ni mafuta. Tabibu wa Kigiriki Galen, aliyeishi karne ya 2, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeacha maelezo ya krimu iliyotengenezwa kwa nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, na mfasiri mashuhuri kuliko wote alikuwa Hunayn ibn Ishaq. Baada ya hapo matabibu wa Kiislamu hawakuiona kazi ya kutunza ngozi na nywele kuwa ni upuuzi. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30, kinachoitwa Al-Tasrif. Watu wengi humjua kwa sehemu ya upasuaji, lakini sehemu ya 19 aliitenga kwa manukato na mapambo ya mwili. Kwake yeye mafuta ya kupaka yalikuwa tawi la tiba, yaani jambo la kupimwa kwa manufaa na madhara yake.

Huku kwetu kila nchi ilitumia kilichokuwa karibu. Katika mwambao, kutoka Lamu hadi Unguja na Ngazija, wanawake walijipaka mafuta ya nazi, na usoni wakapaka liwa, ambayo ni mti wa manukato unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji mpaka utoe uji. Bibi harusi alisingwa kwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vyenye harufu nzuri, chini ya uangalizi wa somo wake. Rwanda na Burundi watu walijipaka siagi ya ng'ombe. Kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Acholi na Lango wanakamua mafuta ya mti wa shea wanayoyaita moo yaa. Kongo na kandokando ya Ziwa Tanganyika mawese yalipikiwa na pia yalipakwa. Kisha yakaja mafuta ya mgando kutoka Marekani, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, na leo hakuna duka la mtaani lisilokuwa na kopo la aina hiyo.

Mafuta yote haya yanafanya kazi moja kubwa: yanazuia maji yaliyomo ndani ya ngozi yasipotee upesi. Ndiyo maana bibi zetu walimpaka mtoto mara tu anapotoka majini, mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta yakipakwa juu ya ngozi kavu hung'arisha nje tu.

Tamaa ya weupe

Tusijidanganye kuwa tamaa ya weupe ililetwa yote na watu wa nje. Tangu zamani zipo nyumba ambazo binti mweupe husifiwa na dada yake mweusi hunyamaziwa. Lakini kutamani ni jambo moja, na kupata sumu ya kutimiza tamaa hiyo dukani ni jambo jingine.

Ulaya ndiyo iliyotangulia kuumia. Kwa karne kadhaa mabibi wakubwa wa huko walijipaka unga mweupe wa risasi. Maria Gunning, bibi mashuhuri wa Uingereza, alifariki mwaka 1760 akiwa hajafika miaka 30, na watu wa zama zake waliulaumu unga huo. Baadaye zikaja krimu za zebaki, zilizouzwa Ulaya na Marekani kwa kuondoa madoadoa usoni. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini, ambayo ndiyo rangi yetu na ndiyo ngao yetu dhidi ya jua. Shida ni kwamba haibaki kwenye ngozi. Huingia katika damu na kufika kwenye figo na mishipa ya fahamu.

Sumu ya pili iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilikuwa imepoteza rangi. Chanzo kilikuwa glavu za mpira walizovaa. Ndani ya mpira huo mlikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni. Kwa wafanyakazi wale hayo yalikuwa madhara ya kazini. Kwa wafanyabiashara ilikuwa fursa, na katika miaka iliyofuata haidrokwinoni ikaingizwa katika krimu zilizouzwa kwa watu weusi wa Marekani na Afrika.

Matokeo yalionekana hospitalini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya mwili uvimbe na protini ipotee katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jambo la kusikitisha kwa wanawake waliotumia haidrokwinoni kwa miaka mingi: ngozi ya mashavu ilikuwa imegeuka kuwa na mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi, yenye vipele vigumu. Waliotafuta weupe waliishia na weusi usiotoka.

Kisha ni kisa cha Ziwa Victoria. Dkt. Masazumi Harada wa Japani alikuwa ameutumia umri wake kuwatibu watu wa Minamata, mji ambao kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki wenye sumu. Yeye na wenzake walipopima nywele za watu wa kandokando ya ziwa letu walikuwa na wasiwasi juu ya samaki na uchimbaji wa dhahabu. Katika makala waliyoichapisha mwaka 2001, walieleza kuwa baadhi ya watu nchini Kenya walikuwa na zebaki nyingi sana, na chanzo kilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotengenezwa Ulaya.

Mtu atauliza, Ulaya hawakujua? Walijua. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi kwa kanuni ya mwaka 1976, isipokuwa kiasi kidogo katika baadhi ya vipodozi vya macho. Lakini sabuni hizo ziliendelea kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na zikaletwa Afrika kwa jina la sabuni za dawa za kuua vijidudu. Kusafirishwa kwake kulikatazwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka 20, kitu kilichokatazwa kwa mtoto wa kule kilikuwa halali kuuzwa kwa mtoto wa huku.

Sheria zilikuja, lakini makopo yalivuka mipaka

Afrika Kusini ilitangulia. Mwaka 1990 ilitoa kanuni za kukataza krimu za kuchubua zenye haidrokwinoni, na hata matangazo yanayodai kuwa bidhaa fulani inafanya ngozi iwe nyeupe. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mwanzoni uliruhusu vipodozi vyenye kiasi kidogo sana cha zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kufuta ruhusa hiyo, kwamba ifikapo 2025 kisiwepo kipodozi chochote kilichotiwa zebaki.

Kwa majirani zetu, mwezi Novemba 2018 Rais Paul Kagame wa Rwanda alijibu swali la mwananchi mtandaoni kwa kusema kuwa krimu hizi zinadhuru afya, akaitaka wizara ya afya na polisi washughulike. Wiki chache baadaye maofisa walipita madukani na sokoni kukusanya bidhaa. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki nalo lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku katika Jumuiya nzima.

Tazama pia safari ya neno lenyewe. Tanzania mchanganyiko wa krimu za kuchubua huitwa mkorogo. Rwanda, katika Kinyarwanda, watu husema mukorogo. Bidhaa ilivuka mpaka pamoja na jina lake, na hii inaonyesha kwa nini sheria ya nchi moja haitoshi. Kopo dogo linaingia kwenye mkoba, mkoba unaingia kwenye basi, na yanayopakwa nyumbani hayapiti forodhani.

Kuna sumu ya tatu ambayo ni ngumu zaidi kuikamata, nayo ni krimu za steroidi kali kama klobetasoli. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, zinazotakiwa kutumiwa kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari. Watu wamegundua kuwa hufifisha rangi, wakazifanya mafuta ya kila siku. Zikitumiwa hivyo huifanya ngozi iwe nyembamba, michirizi hutokea, na vidonda huchelewa kupona. Mama aliyejichubua kwa miaka anaweza kupata taabu hata siku ya upasuaji wa kujifungua, kwa sababu ngozi haishiki vizuri inaposhonwa.

Na ndugu wazazi, jambo hili halimhusu anayejipaka peke yake. Zebaki iliyomo mwilini mwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Iliyopakwa usoni hubaki kwenye taulo na foronya, na mtoto mchanga anayelala kifuani kwa mamake huipata pia. Ndiyo maana tunasema ni jambo la familia nzima, akiwemo baba anayesifu weupe bila ya kufikiri.

Kivuli

Jambo la tatu ni kujikinga na jua. Wazee walitumia ushungi, kofia ya ukindu, mwavuli na kivuli cha mwembe. Melanini hutupa ulinzi mkubwa, na anayejichubua huubomoa kwa mkono wake. Ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa bila ulinzi huo, ndio wanaotufundisha jua lina nguvu gani, kwa kuwa saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa bado vijana. Katika mji wa Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ulianzishwa mradi wa kutengeneza krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Hiyo ni krimu iliyobuniwa Afrika Mashariki ili kuilinda ngozi jinsi ilivyo.

Utaratibu wenyewe

Baada ya historia hiyo, kijana anayetuuliza afanye nini asubuhi tunamjibu hivi:

1. Osha uso kwa maji safi na sabuni isiyo kali, mara moja, bila ya kusugua kwa nguvu. Kama ngozi yako ni kavu, maji peke yake asubuhi yanatosha.

2. Kausha kwa kugusagusa na taulo lako mwenyewe, na uache unyevu kidogo.

3. Paka mafuta hapo hapo. Mwenye ngozi kavu atumie mafuta ya mgando au ya shea. Mwenye chunusi aepuke mafuta mazito usoni, pamoja na mafuta ya nazi, kwani huziba vitundu vya ngozi. Losheni nyepesi isiyo na manukato inamfaa zaidi.

4. Ukitoka juani kwa muda mrefu, jifunike au chukua mwavuli. Mwenye ualbino, na mwenye madoa yanayozidi kwa jua, apake krimu ya kuzuia jua yenye kinga ya 30 au zaidi, na airudie kila baada ya saa mbili akiwa nje.

Kabla ya kununua chochote, soma karatasi. Ukiona maneno mercury, calomel au herufi Hg, rudisha. Ukiona onyo kwamba bidhaa isigusane na dhahabu, fedha au vito, hiyo pia ni dalili ya zebaki. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lililofungashwa upya mtaani, usiliingize nyumbani.

Aliyekwisha kutumia asione haya na asikate tamaa. Aache ile yenye zebaki, aende hospitali apimwe mkojo na figo. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu amwone daktari kwanza ili aongozwe namna ya kuacha, kwa sababu kuacha ghafla huweza kuifanya ngozi iwake na kuwasha sana.

Na sisi wazazi tuanze na ndimi zetu. Binti anayesikia tangu utotoni kuwa ngozi yake ni nzuri hatahitaji kopo la kumwambia hivyo. Wanawake wa Nairobi wa mwaka 1972 hawakuwa wajinga. Walinunua kilichouzwa hadharani, na walikinunua kwa sababu kuna aliyewafanya waamini kuwa walivyoumbwa hakutoshi. Kopo tunaweza kulitoa bafuni leo jioni. Maneno yetu yatachukua muda zaidi, kwa hiyo tuanze mapema.

Tunamwomba Allaah atupe afya sisi na watoto wetu.